Bi Meno na Bastola ya Babu

Watu wengi mtaani hawakulijua jina lake halisi, na mwenyewe alikuwa ameshazoea. Alikuwa Bi Meno, basi. Ukimuuliza muuza magazeti au mwenye duka la viatu Bi Meno anapatikana wapi, angekunyooshea kidole kwenye jengo la zahanati, ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho, pale panaponukia nta iliyoyeyuka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Daktari wa meno, aliyekuwa chini, alichukua vipimo vya vinywa vya watu akampandishia; yeye akamimina plasta, akapanga meno moja moja kwenye nta ya rangi ya waridi, akayapika, akayasugua mpaka yakang'aa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye miwani mizito na ulimi mwepesi. Alipenda kutania kwamba nusu ya wazee waliomchekea barabarani walikuwa wakimchekea kwa meno yake.

Baba yake alikuwa mpiga picha. Kwa miaka mingi alikuwa na studio yake karibu na soko, mpaka watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu, naye akafunga mlango bila kinyongo. Kitu kimoja kilichojulikana juu ya mzee yule ni kwamba alikuwa mkweli mpaka anakera. Mteja akimwomba amfutie kovu la shavuni kwenye picha, alijibu, "Kovu hilo nimekuchora mimi? Nimelikuta." Mkewe alipomuuliza kama gauni jipya limempendeza, alitazama kwa makini kama vile anapima mwanga, kisha akasema anachokiona. Ndoa ile iliishi kwa neema tu.

Mzee alipofariki, Bi Meno, aliyekuwa mtoto wake wa pekee, alibaki na nyumba ya vyumba vitatu iliyojaa vitu. Akawa anakwenda mwisho wa wiki kupanga na kupangua. Jumamosi moja alifungua kabati la nguo, na chini kabisa, nyuma ya viatu vya harusi, akakuta boksi la kadibodi. Alipolinyanyua, mkono ukamshuka kwa uzito. Ndani mlikuwa na kitambaa cha flana kilichokunjwa vizuri, na ndani ya kitambaa bastola.

Alikaa chini sakafuni. Hakuigusa. Aliitazama tu, nayo ikawa kama inamtazama. Ilikuwa ya chuma cheusi kilichofifia, yenye mtutu mrefu wa pembe nane, ngoma nene ya risasi inayozunguka, na kitako cha mbao kilichomeguka pembeni.

"Bastola ya babu," akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Maana kila mtu katika ukoo ule aliijua bastola ya babu. Ilikuwa kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwa baba mdogo, picha kubwa ya fremu ya dhahabu: babu ameketi kwenye kiti cha mbao, amevaa koti, uso mkavu, na bastola ameishika mbele ya kifua. Na kila mtu alijua hadithi yake. Wakati wa ile vita kuu ya kwanza ya Wazungu, babu akiwa kijana, alimvizia ofisa mmoja kwenye kivuko cha mto, akapambana naye mikono mitupu, akamnyang'anya bastola yake. Baba mdogo ndiye aliyekuwa msimuliaji. Kwenye kila mkutano wa familia aliisimulia, na kila mwaka mto ulizidi kuwa mpana na ofisa alizidi kuwa mrefu. Mwisho wa hadithi ulikuwa uleule: bastola ilipotea siku nyingi, kaka yake alimwambia hivyo mwenyewe.

Hapo ndipo Bi Meno alipoanza kuchanganyikiwa, akiwa bado amekaa sakafuni. Kaka mwenyewe ndiye huyu baba yake. Mtu asiyeweza kudanganya juu ya gauni alisema bastola imepotea, huku ameifunga kwenye flana na kuificha nyuma ya viatu vya harusi?

Akampigia simu baba mdogo. Mzee akafika hata kabla chai haijachemka, amevaa kandambili za nyumbani, teksi inamsubiri nje mlango wazi. Alikuwa karani mstaafu wa posta, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka nyuma ya dirisha la kioo. Alipoiona akapiga magoti kama mtu aliyemkuta ndugu yake aliyepotea.

"Ndiyo yenyewe," akasema, machozi yakimtoka. "Tazama kitako. Kimemeguka palepale, kama kwenye picha. Nipe niende nayo, mwanangu."

"Baba mdogo, hii ni silaha. Hatujui hata kama ina risasi. Lazima nikaripoti."

"Uripoti nini? Hii ni mali ya ukoo!"

"Na jela ni mali ya nani?"

Baba mdogo akainuka, akarudi kwenye teksi yake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumatatu asubuhi Bi Meno alifanya jambo ambalo baadaye kila mtu alimcheka. Hakujua silaha inapelekwaje polisi. Akachukua boksi analobebea kazi zake, akailaza bastola chini, mtutu ukitazama kona, akaifunika na pamba, na juu yake, ili isionekane na watu kwenye basi, akapanga seti za meno za plasta. Kituoni alipoulizwa amekuja na shida gani, akasema, "Nimeleta urithi," akafunua. Askari wa zamu akaona taya zaidi ya kumi zinamkenulia, na katikati yake, pamba iliposogea, kitako cha bastola. Akaruka nyuma mpaka akaangusha kiti.

Sajini aliyeshughulikia silaha akaitwa. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, aliyeongea taratibu kama anayehesabu maneno.

"Mama," akasema, "silaha haibebwi kama mkate. Ungetupigia simu tukaja. Umepanda nayo basi?"

"Nimepanda."

"Umekaa kiti cha mbele au cha nyuma?"

"Cha mbele."

Sajini akafumba macho kidogo, akamwombea dua dereva wa basi lile. Kisha akavaa glavu, akaichunguza, akaizungusha, akachungulia kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake ukabadilika kutoka ukali kwenda mshangao.

"Haina risasi," akasema. "Na hata ukiniletea risasi za ghala zima, sioni itakayoingia humu. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Umeitoa wapi?"

Bi Meno akamweleza. Sajini akasema bastola itabaki kwenye kabati la chuma la kituo, na kabla ya uamuzi wowote lazima ipatikane karatasi ya mtaalamu inayosema ni ya aina gani na ya lini. Kama ni silaha, itateketezwa. Kama ni kitu cha kale, hilo ni jambo jingine. Na mtaalamu wa mambo hayo alikuwa mmoja tu karibu, mhifadhi wa makumbusho.

Baba mdogo alifurahi kupita kiasi. "Vizuri sana! Wacha wathibitishe. Itaandikwa na serikali kabisa." Akaanza kuwapigia simu binamu mmoja baada ya mwingine.

Siku ya uchunguzi alikuja amevaa suti, picha ya fremu ya dhahabu ameikumbatia. Chumba cha kazi cha makumbusho kilikuwa nyuma ya jengo, kimejaa rafu za vyungu na masanduku yenye namba, taa moja kali juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheupe. Sajini alikuwa ameileta bastola kwenye mfuko wenye lakiri, akaketi pembeni na kikombe cha chai. Mhifadhi alikuwa binti mdogo kuliko walivyotarajia, nywele amezifunga kwa kitambaa, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Aliwaamkia kwa adabu, akawaomba wasogee waone pamoja naye.

"Nitawaambia ninachokiona," akasema, "na nisichokijua nitasema sijui."

Akaanza na ile ngoma. Akaonyesha kwamba kwenye ukingo wa nyuma, kila tundu lilikuwa na mkato mdogo, kama meno ya sega. "Risasi za bastola za kawaida zinapigwa kwa nyuma. Hizi za zamani zilikuwa na kisindano kilichotokeza kwa juu, kwenye mkato huu. Nyundo inashuka, inapiga kisindano, risasi inalipuka. Mtindo huu ulikuwa fasheni kubwa Ulaya kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Halafu ukapitwa. Viwanda vikaacha."

Kisha akampa Bi Meno kioo, akamwonyesha chapa ndogo kwenye chuma, umbo la yai lenye herufi ndani. "Hii ni alama ya mji mmoja wa mafundi wa bunduki. Kila mtutu ulipimwa kwa kulipuliwa na baruti nyingi. Usipopasuka unagongwa chapa. Baadaye waliongeza taji juu ya yai. Hapa taji halipo. Kwa hiyo imepimwa kabla ya taji."

"Mwaka gani?" akauliza Bi Meno.

"Kati ya miaka ya sitini na ya themanini ya karne ya kumi na tisa."

"Hapo katikati mwaka gani?"

Mhifadhi akatabasamu. "Ningependa kujua, mama. Jina la kiwanda hakuna. Na kuna jambo jingine. Namba ya kwenye kiunzi cha bastola na namba ya kwenye ngoma hazilingani. Ni bastola mbili zilizooana. Na kitako hiki cha mbao si cha asili, kimechongwa na fundi mwingine, sijui wapi."

Bi Meno alitazama kwa kile kioo mpaka jicho likatoa machozi. Alikuwa amekuja kuulizia umri wa kitu kimoja, na sasa amepewa vitu vitatu, kila kimoja na umri wake, na hakuna hata kimoja chenye mwaka.

Baba mdogo, aliyekuwa ametulia muda wote, akakohoa. "Sawa. Kwa hiyo wakati wa vita ilikuwepo."

"Ilikuwepo, baba."

"Basi. Andika."

Mhifadhi akasita. Akaitazama ile picha ya fremu, akamtazama mzee. "Baba, ilikuwepo kama chuma. Lakini wakati wa vita ile, risasi zake zilikuwa shida kupatikana, na maofisa walikuwa na bastola za kisasa. Ofisa kwenda vitani na hii ni kama dereva wa leo kwenda safari na gari la kusukuma. Halafu tazama hapa." Akaumulika mtutu. "Umemiminiwa bati lililoyeyushwa, umezibwa kabisa. Nyundo imekatwa kwa tupa. Kuna mtu aliiua makusudi, isilipuke tena. Na kwa jinsi kutu ilivyokaa, iliuawa siku nyingi sana."

"Baba yangu ndiye aliyeiua! Ili watoto wasiumie!"

"Inawezekana."

"Wewe ulikuwepo mtoni?"

"Sikuwepo, baba. Siwezi kusema halikutokea. Ninachosema ni kwamba chuma hiki hakikusaidii kulithibitisha."

Sajini akanywa chai yake kwa sauti. Baba mdogo akaichukua picha yake, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akatoka bila kuaga. Bi Meno akabaki amesimama, hajui amfuate mzee au aombe radhi kwa niaba yake.

Tangu siku ile kichwa chake kikawa hakina nafasi. Akisimama mbele ya jiko lake dogo la gesi, nta inayeyuka, alijikuta akipanga mambo badala ya meno. Labda babu aliipokonya kwa mtu mwingine, si ofisa. Labda ofisa alikuwa maskini. Labda kulikuwa na bastola mbili, moja ya kweli iliyopotea, nyingine hii. Lakini kitako kimemeguka palepale! Na baba, je? Alijua nini? Siku moja alimpelekea daktari seti nzima ambayo chonge la kulia alikuwa ameliweka kushoto na la kushoto kulia. Daktari akapanda ngazi mwenyewe kuja kumtazama kama anaumwa.

"Sina homa," Bi Meno akamwambia. "Nina babu."

Jawabu, au kitu kilichofanana na jawabu, kilikuja kwa mlango ambao hakuutazamia. Kulikuwa na mteja aliyeitwa Mzee Breki, dereva wa lori wa zamani, aliyepata jina hilo kwa sababu katika maisha yake yote barabarani alisifika kwa kufunga breki mapema kuliko lazima. Meno yake ya chini yalikuwa yanamsugua, akapelekwa juu yapunguzwe kidogo. Bi Meno alikuwa akisugua kwa mashine, mzee amekaa kwenye stuli, mdomo mtupu, na kwa kuwa Bi Meno siku zile hakuwa na habari nyingine, akamsimulia yote.

Mzee Breki akacheka mpaka akashika mbavu. "Bashtola!" akasema, maana bila meno sauti ilimtoka hivyo. "Hata baba yangu ana picha na bashtola."

"Kila mtu na babu yake, mzee wangu."

"Hapana, shikiliza. Nipe meno yangu kwanza." Akavaa meno, akayauma mara mbili kujaribu, akaendelea kwa sauti ya kawaida. "Picha ile alipigiwa na baba yako. Pale studio. Hukuwahi kuiona ile bastola ukutani?"

Mashine ilikuwa imezimwa, lakini Bi Meno alihisi kama bado inanguruma masikioni. "Ukuta gani?"

"Wa studio, mwanangu! Palikuwa na ndoano. Koti moja, kofia mbili, miwani isiyo na vioo, simu ya mezani isiyo na waya, na bastola. Unachagua unachotaka, unapigwa picha. Vijana wengi walichukua bastola. Mimi nilichagua simu, nilitaka nionekane nina mtu wa kuongea naye."

Bi Meno aliikumbuka ile simu. Aliichezea utotoni, akaongea na dunia nzima kupitia simu hiyo. Kofia aliikumbuka, na koti pia. Lakini bastola, hapana.

"Iliondolewa kabla hujazaliwa," Mzee Breki akaeleza. "Kuna mlevi mmoja aliichomoa kwenye ndoano akatoka nayo nje, akamwelekezea askari kwa utani. Ikawa fujo. Baba yako hakuirudisha tena ukutani."

Kesho yake mzee akaleta picha. Ilikuwa ndogo, kingo zake zimekatwa kama mawimbi. Mwanamume mnene, mpole wa uso, ameketi kwenye kiti cha mbao, amevaa koti, bastola mbele ya kifua. Bi Meno akachukua kioo anachotumia kukagulia nyufa za meno. Kiti kilikuwa kilekile. Koti lilikuwa lilelile, limembana huyu, ingawa babu lilimpwaya. Na kwenye kitako cha bastola, pembeni, palikuwa pamemeguka.

"Baba alikuwa mpishi wa hospitali," akasema Mzee Breki. "Hajawahi kumnyooshea mtu hata kijiko. Lakini ukiwauliza wajukuu wangu watakwambia alikuwa mwindaji wa chui. Nani aliwaambia, sijui. Mimi sikuwaambia. Ila sikuwakatalia."

Bi Meno akaomba akae na picha ile siku chache. Alikuwa na kitu kimoja mkononi sasa, lakini kilimchanganya zaidi kuliko kutokuwa na kitu. Kama bastola ilikuwa ya ndoano, basi babu hakuileta nyumbani kutoka vitani. Aliikuta kwa mwanawe. Na aliyesimama nyuma ya kamera siku ile, aliyempa babu koti na kumwambia atulie asipepese, alikuwa baba yake mwenyewe. Alijua. Miaka yote ile kwenye mikutano ya familia, baba mdogo akipanua mto, baba yake alikaa pale kimya akila chakula chake, na alijua. Je, mtu anaweza kuwa mkweli kwa kila kitu isipokuwa kimoja? Au alikuwa akidanganya kwa mengine pia, na yeye binti yake hakujua?

Alifikiria kukaa kimya. Alifikiria sana. Lakini baba mdogo hakuwa amepokea simu tangu siku ya makumbusho, na Bi Meno akaona kimya kimeshakuwa kingi katika ukoo ule. Jumapili mchana akapiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta sebuleni, redio ikiongea peke yake. Bi Meno akamwamkia, akaketi, akatoa ile picha ndogo, akaiweka juu ya meza. Mzee akavaa miwani. Akaitazama. Akainua macho kwenye fremu ya dhahabu ukutani, akarudi kwenye ile ndogo, akapanda tena, akashuka tena. Uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma anwani ambayo haieleweki.

"Nani huyu?"

"Mpishi wa hospitali."

"Kwa nini ameshika bastola ya baba yangu?"

Bi Meno akamweleza kuhusu ndoano. Alieleza taratibu. Mzee hakupiga kelele. Alizima redio, akakaa tena, na kwa muda mrefu akawa anasugua paja lake kwa kiganja.

"Nilikuwa mtoto wa shule," akasema mwishowe. "Darasani walitutaka kila mmoja aseme mzee wake alifanya nini vitani. Mmoja akasema wake alipiga mzinga. Mwingine akasema wake alipanda farasi. Nikaenda kumuuliza baba. Akaniambia, 'Nilibeba.' Nikamuuliza, ulibeba nini? Akasema, 'Mizigo.' Mizigo gani? 'Ya wao.' Basi. Hakuongeza neno. Alifunua bega akanionyesha. Ngozi ya hapa ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, na mfupa umekaa upande." Akashika bega lake mwenyewe. "Nililia, mwanangu. Si kwa huruma. Kwa aibu. Niliona wa wenzangu wana mizinga na farasi, wangu ana bega."

"Na picha?"

"Picha ilikuja baada ya hapo. Kaka alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi ya studio. Aliniona nalia. Siku moja akamchukua mzee wakaondoka wote, wakarudi na hii. Akanipa mimi."

"Akasema nini alipokupa?"

Mzee alifikiri kwa nguvu mpaka mishipa ya paji la uso ikatokeza. "Hakusema kitu. Alinipa tu. Nadhani."

"Na habari ya mto? Na ofisa?"

"Ndiyo najaribu kukumbuka. Labda mzee alisema. Labda mama. Labda niliulizwa shuleni bastola hii aliipata wapi, na mdomo ukajibu wenyewe." Akamtazama Bi Meno kwa macho ya mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake. "Nimeusimulia mto ule mpaka nauona. Najua mawe yake. Najua maji yalikuwa baridi. Sasa niambie, mawe yale nimeyatoa wapi?"

Bi Meno akasogeza kiti akakaa karibu naye.

"Nilimuuliza kaka mara moja tu, tulipokuwa watu wazima," mzee akaendelea. "Nikasema, bastola ya baba iko wapi, niitunze. Akanitazama vile alivyokuwa anatazama watu, unamjua. Nikajua anataka kusema kitu. Halafu akasema imepotea. Nikaona ameumia, nikadhani ni kwa sababu ya kuipoteza."

Wakakaa hivyo, picha mbili mbele yao, jua likiingia kupitia pazia. Kisha baba mdogo akauliza swali ambalo Bi Meno aliliogopa kuliko yote.

"Wajukuu nitawaambia nini?"

"Waambie alibeba."

"Alibeba nini?"

"Hatujui."

"Alibeba kutoka wapi hadi wapi?"

"Hatujui, baba mdogo."

"Hadithi gani hiyo, hatujui, hatujui!" akafoka, na hapo ndipo sauti yake ya dirisha la posta iliporudi. Bi Meno akafurahi kuisikia.

Karatasi ya mtaalamu ilipotoka, sajini aliwapigia simu wote wawili. Bastola imehesabiwa kuwa kitu cha kale kisichoweza kulipuka. Wangeweza kuomba kibali cha kukaa nayo nyumbani, au kuiachia makumbusho. Bi Meno alishangaa baba mdogo aliposema ibaki makumbusho. Akafikiri ni hasira. Lakini siku ya kwenda kutia sahihi, mzee alikuwa amevaa tena ile suti, akamwomba radhi mhifadhi kwa kuondoka bila kuaga, kisha akauliza kadi ya kwenye kabati la kioo itaandikwaje.

"Ndilo nililotaka kuwauliza nyinyi," akasema mhifadhi. "Ya Ulaya, karne ya kumi na tisa, hilo nitaandika. Ilitumika kama pambo la studio ya picha, nalo nitaandika. Ilifikaje studio, kuna anayejua?"

Hakuna aliyejua. Mzee Breki alishaulizwa, alikumbuka tu kwamba ilikuwepo.

"Na andika," akasema baba mdogo, "kwamba mmoja wa walioishika alikuwa mpagazi wa vita."

"Jina lake?"

Mzee akalitaja, jina kamili, kwa sauti ya kumwita mtu kutoka nyuma ya foleni. Mhifadhi akaliandika, akamsomea, mzee akamsahihisha herufi moja.

Miezi iliyofuata makumbusho ilianza kupokea picha. Mtu aliona ile kadi, akakumbuka picha ya shangazi yake. Mwingine akaleta ya baba mkwe. Seremala ameshika bastola, mwalimu ameshika bastola, bibi harusi ameishika juu ya maua yake, anacheka, jino moja la mbele halipo. Koti ni lilelile, likiwapwaya hawa na kuwabana wale. Wengine walikuja na hadithi za chui na za majambazi, na mhifadhi alizisikiliza zote kwa adabu yake ileile.

Baba mdogo akawa anakwenda huko mara kwa mara bila kumwambia mtu. Bi Meno aligundua siku moja alipopita na kazi zake mkononi. Mzee alikuwa amesimama karibu na kioo, mbele yake kina mama wawili na mwanamume mwenye mwavuli, anawasimulia. Hakukuwa na mto wala ofisa. Alikuwa akieleza juu ya bega, jinsi lilivyokuwa, akilionyesha kwenye koti lake la suti. Mwanamume wa mwavuli akamuuliza mizigo ilikuwa ya nini, risasi au chakula?

"Sijui," akasema baba mdogo. "Hakuniambia. Na mimi sikumuuliza tena."

Wale watu hawakuondoka. Mama mmoja akasema hata babu yake mwenyewe alibeba, naye hakuwahi kusema alibeba nini. Bi Meno alisimama kando ya nguzo, hakutaka aonekane. Juu ya baba yake bado hakuwa amefikia uamuzi. Kuna siku alimwona mwongo mmoja mwema, kuna siku alimwona mkweli aliyeshikwa na huruma mara moja akashindwa kurudi nyuma, na siku nyingine, akiwa na nta mikononi, alimkasirikia waziwazi na kumuuliza maswali yasiyo na wa kuyajibu. Akabadilisha boksi mkono, maana lilikuwa zito, akatoka taratibu kwenda kazini.